Mnong'ono wa Itekela

Siku mama yake alipokubaliana naye, Sekela alijua kuna kitu kimeharibika.

Tangu azaliwe haikuwahi kutokea. Mama Sekela hakukubaliana na bintiye juu ya jambo lolote, kuanzia namna ya kupika ndizi mpaka mume wa kuolewa naye, na mji mzima wa Itekela ulikuwa na habari hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la misiba katika kata yao. Palipotokea msiba, ndiye aliyeamua nani apasue kuni, nani amenye ndizi, nani akae kwenye mkeka wa mbele, na nani akae huko nje apigwe na baridi ya mlimani kwa kuwa msiba uliopita hakuonekana. Wanaume wenye vitambi na vyeo walimwogopa. Mtu kama huyo hajazoea kukubali.

Na sasa alikuwa ameketi kwenye chumba cha majaribio cha ofisi ya kampeni ya Bi Ambwene, shali imemteleza begani, kisikizi kidogo cheupe sikioni, uso umelegea umekuwa wa mtu mwingine kabisa.

"Bi Ambwene nimemwelewa," alisema huku akikivua kile kisikizi. "Wale Wapwani ni watu tu kama sisi. Wana taratibu zao, na sisi tuna zetu. Wabaki pale pale mtaani kwao."

"Wabaki?" Sekela aliuliza.

"Wabaki, mwanangu. Wamemkosea nani?"

Weee! Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye chai, mama huyu huyu alipiga meza akasema mgombea wake, Meja Gwakisa, akishinda, Wapwani wote wapakiwe malori wakatupwe nyikani, na dereva asisimame njiani hata wakiomba maji.

"Na Hemedi je?" Sekela aliuliza.

"Hemedi ni kijana mzuri. Umepata mume."

Hapo Sekela alitaka kulia. Tangu aolewe, mama hakuwahi kulitaja jina la Hemedi. Alimwita "yule mtu wako wa chumvi", na hata hilo alilisema akiangalia pembeni. Leo kalitaja kwa upole, anatabasamu, na macho yake hayana ugomvi wowote ndani. Sekela alijikuta anautafuta ule ugomvi usoni mwa mama yake na hauoni. Nyuma ya kioo, Lwitiko, meneja wa kampeni, alikuwa akirukaruka kwa furaha.

Tuseme ukweli, Lwitiko alikuwa na haki ya kurukaruka. Tangu sheria ipige marufuku vipaza sauti, mikutano ya kampeni ilisikilizwa kwa visikizi. Mgombea anasimama jukwaani anachezesha mdomo, na mtambo unampelekea kila msikilizaji hotuba iliyoshonwa kwa kipimo chake, kwa sauti ya mgombea yule yule. Watu walilijua hilo, lakini kila mmoja aliamini kwamba yeye anasikia hotuba yenyewe, hayo mengine wanapewa majirani. Mtambo wa Bi Ambwene uliitwa Mnong'ono, na aliyeutengeneza ni Sekela.

Mnong'ono haukumuuliza mtu chama chake. Ulitafuta kitu ambacho watu wa ofisini walikiita kiu ya fimbo: ile hali ya mtu kutaka wote wafuate njia moja, mkubwa asiulizwe, na anayekwenda kombo aadhibiwe mbele za watu. Mtambo wa kwanza, uliotoka ng'ambo, ulikuwa ukiwauliza watu kama mtoto mzuri ni mtiifu au ni mdadisi. Itekela nzima ikajibu mtiifu, na mtambo ukatangaza kwamba mji wote una kiu ya fimbo, mpaka walevi wa kilabuni ambao hata wake zao hawawasikilizi. Sekela alicheka siku hiyo mpaka mbavu zikamuuma. Akalifuta swali hilo akaweka la kwake: asiyekuja msibani afanywe nini? Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wako waliosema aendewe nyumbani, aulizwe ana shida gani. Na wako waliosema siku akifiwa na yeye, asionekane mtu kwake, alie peke yake mpaka ajue. Mama Sekela alikuwa wa hao wa pili, tena wa juu kabisa.

Na kiu hiyo haiko macho siku zote. Sekela alilitambua hilo mapema, na ndilo lililomfanya aheshimike. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, anagawana chumvi na jirani, hamchukii yeyote. Inaamka pale anapoanza kuhisi kwamba watu hawako kitu kimoja tena, kwamba taratibu zinavunjwa na hakuna anayejali. Ikishaamka, hata mtu mwema anaanza kumtafuta mwenye mkono mzito ampe kura yake.

Ya Mama Sekela iliamka siku aliyofariki mama yake Hemedi. Wapwani walikuwa wamepanda milimani baada ya bahari kula miji yao, na Itekela iliwapa bonde lililokuwa shamba la chai. Waliishi vizuri tu na wenyeji. Basi yule bibi alifariki alfajiri. Mama Sekela alipopata habari alifanya kila kinachompasa: akakata mikungu ya ndizi, akakusanya wanawake wake na masufuria na mikeka, akakodi gari, akaja ili alale pale mpaka msiba uishe, maana mkwe ni mkwe. Alifika alasiri, akakuta wanaume wanakung'uta udongo miguuni. Kwa Wapwani maiti hacheleweshwi. Kwa watu wa Itekela maiti husubiriwa mpaka wa mbali afike auone uso wake. Mama alisimama getini, akageuza gari na ndizi zake. Wiki iliyofuata akaonekana kajifunga kitambaa cha Meja, aliyekuwa akizunguka kila kata akisema Wapwani wanazika mbiombio kwa sababu wana mambo wanayaficha.

Kidonda hicho Mnong'ono ulikijua. Kwa sauti ya Bi Ambwene ulimwambia mama kwamba msiba ule ulikuwa wake, kwamba hakuna aliyemdharau, kwamba Itekela bado ni moja. Dakika chache tu, na kiu ikalala.

"Mama, nakuomba usikilize na hiki," Sekela alisema, akatoa kisikizi kingine. Ndani yake mlikuwa na hotuba ya Meja iliyonaswa kwenye mkutano wake wa juzi. Nyuma ya kioo Lwitiko alianza kutikisa kichwa na kupunga mikono, lakini Sekela hakumtazama.

Mama alikiweka sikioni. Chai aliyowekewa mezani kabla ya hotuba ya kwanza ilikuwa bado inafuka mvuke. Sekela aliuona mdomo ukibana, kisha shingo ikikaza, kisha mkono ukikunja kitambaa cha meza.

"Wahame," mama alisema.

"Si umesema wabaki?"

"Nani? Mimi?" Mama alimkazia macho, halafu macho yenyewe yakayumba. Alikivua kisikizi akakitupa mezani. "Nimesema wabaki. Ni kweli nimesema. Sekela, nini hiki mnanifanyia? Kichwa kinaniuma. Mimi si mtu wa kusema hivi na hivi."

"Najua, mama."

"Basi nipeleke nyumbani."

Alimshika mkono mpaka kwenye gari. Mama Sekela, ambaye hakuwahi kushikwa mkono na mtu, siku hiyo alikubali kushikwa.

*

"Umetisha, dokta!" Lwitiko alimwambia waliporudi kukutana, jioni, nyumbani kwa mgombea. "Ila ile ya pili ilikuwa ya nini? Unamtesa mzee wa watu."

"Nilitaka kujua inadumu kiasi gani."

"Na?"

"Haidumu. Wa mwisho kunong'ona ndiye anayeshinda."

Lwitiko alipiga makofi. "Kumbe! Na wa mwisho ni nani? Si sisi? Kura ya kupanga ratiba ya mikutano imetupa Jumapili, siku ya mwisho. Jumatatu kila mgombea anafunga mdomo, Jumanne watu wanapiga kura. Meja hana nafasi nyingine ya kusema. Dada yangu, tumeshashinda, kilichobaki ni kutangaziwa."

Bi Ambwene Kasyupa alikuwa kwenye banda la ng'ombe, mikono ya gauni ameikunja, anamkagua mtamba aliyekuwa akikohoa. Alikuwa daktari wa mifugo miaka mingi kabla ya siasa, na hata sasa mtu akitaka kuongea naye kwa utulivu ilibidi amfuate bandani. Alikuwa mtu mzuri. Nalisema wazi ili asije mtu akadhani hadithi hii ina mchawi ndani yake.

"Shikamoo, mama," Sekela alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Lwitiko kanieleza. Na uso wako umenieleza mengine."

"Mama, mimi nataka tuuzime Mnong'ono Jumapili."

Lwitiko alicheka, akadhani ni utani. Bi Ambwene hakucheka.

"Sikiliza," alisema. "Meja anawatisha watu. Mimi sijawahi kumtisha mtu. Mimi nawatuliza. Ng'ombe mwenye homa si unamtuliza kwanza ndipo umchome sindano?"

"Ng'ombe hapigi kura, mama."

"Sawa. Lakini hao Wapwani unawajua kuliko mimi, umeolewa kwao. Meja akiingia watapakiwa. Hilo si la kutishana, kaliandika kwenye ilani yake. Huko nyikani anakowapeleka visima vina magadi, watoto watakufa. Wewe unaniambia niache kumtuliza mama yako kwa dakika tano, ili watoto hao wakafe, kwa sababu moyo wako haukupenda. Utawaeleza nini?"

Kilichomuuma Sekela ni kwamba kila neno la Bi Ambwene lilikuwa la kweli.

"Mama yangu leo alinikubalia," alisema hatimaye. "Hakunikubali mimi. Alikubali tu, basi. Ningemwambia amchinje jogoo wake angechinja. Mtu wa hivyo tukimpata, tumepata nini?"

"Tumepata kura yake," Lwitiko alisema.

"Na Meja miaka mitano ijayo atakuwa na mtambo mzuri kuliko wangu, na ratiba itampa yeye Jumapili."

"Miaka mitano ijayo tutajua la kufanya." Bi Ambwene alinawa mikono kwenye ndoo, akamgeukia. "Tushinde kwanza, Sekela. Tukishashinda tutaongea na watu ukweli. Naomba ukae kwenye mtambo wako Jumapili kama kawaida."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Wakubwa wakisema hivyo, mtu wa Itekela huitikia kwa kichwa, na yeye alikuwa mtu wa Itekela.

*

Hemedi alikuwa mwokaji mikate, na tanuri lake lilikuwa mahali penye joto kuliko pote mjini, ndiyo maana hata waliompigia debe Meja walikuwa wakija pale kununua mkate wa ufuta na kuota moto. Siku hiyo alikuwa peke yake, unga mpaka kwenye nyusi. Sekela alimweleza yote, tangu jaribio mpaka bandani. Hemedi alisikiliza akiendelea kukanda.

"Uache mtambo useme," alisema.

"Hemedi."

"Uache useme, nakwambia! Wewe una pa kwenda. Ukiamua unarudi kwenu, mama yako atakusema wiki nzima halafu atakupa chakula. Mimi narudi wapi? Kwetu kuna samaki wanapita madirishani. Mama yangu nimemlaza pale kwenye mteremko. Mimi nikipakiwa, yeye anabaki na nani wa kumsomea?" Alipiga unga kwa ngumi. "Usije ukajitakasia moyo wako juu ya kaburi la mama yangu."

Maneno hayo yalimchoma Sekela, na hakuyakwepa. Aliketi kwenye gunia la unga. Alimpenda mtu huyu, tena sana, na alijua kwamba kama ni kupima nani ana haki ya kusema, Hemedi alimzidi.

"Leo mama alikutaja jina," alisema baadaye.

Mikono ya Hemedi ilisimama. "Mama yako?"

"Alisema, Hemedi ni kijana mzuri. Akasema nimepata mume."

Hemedi alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi. Kisha akaacha kucheka, akaanza kujifuta unga vidoleni, kimoja kimoja.

"Mama yako hawezi kusema hivyo."

"Alisema kwa kinywa chake."

"Basi hakuwa yeye," Hemedi alisema. "Mimi yule mama namjua. Ananichukia kwa akili zake timamu. Nimekuwa nikipanga siku moja nitamshinda, nitampelekea mkate mpaka achoke kuukataa. Sasa mkinipa mama mkwe aliyepulizwa dawa, mimi nitakuwa nimemshinda nani?"

Hemedi alichungulia tanurini.

"Ukizima, halafu tukashindwa?" aliuliza.

"Nitapanda lori pamoja na wewe."

"Huko nyikani hakuna kazi ya daktari wa mitambo."

"Nitauza mikate."

"Hujui kukanda."

"Nitajifunza njiani."

Hemedi alifunga mlango wa tanuri. "Mimi sikwambii zima, na sikwambii usizime. Siwezi. Ila ukiamua uniambie hapa hapa, usoni, nisije nikayasikia kwa watu."

Sekela alisimama.

"Nazima," alisema.

*

Jumapili mvua nyembamba ilikuwa ikinyunyiza kama kawaida ya Itekela, na watu walijaa kwenye uwanja wa kiwanda cha chai kilichofungwa, miavuli kwa mashali. Ambaye hajawahi kuuona mkutano wa visikizi angedhani amefika kwenye mji wa mabubu. Maelfu ya watu, na hakuna sauti. Pembe hii wanacheka, pembe ile wanafuta machozi, mmoja anapiga makofi peke yake na jirani yake anamshangaa. Juu ya jukwaa Bi Ambwene alikuwa akirusha mikono na kuchezesha mdomo kwa bidii.

Sekela alikuwa kwenye hema la mtambo, ubavuni mwa jukwaa, Lwitiko kando yake. Mama Sekela aliketi kwenye mikeka ya safu ya kwanza na wanawake wake wa jiko, wote na vitambaa vya Meja, maana Lwitiko aliwatumia magari makusudi. Sekela alimwona mama yake akianza kulegea. Mdomo uliachia, shingo ikashuka, na tabasamu lile la mtu mwingine likaanza kuja.

Ilitosha. Alifungua njia ya sikio la mgombea na kusema polepole, "Mama, hapa ni Sekela. Sasa hivi wote watakusikia wewe mwenyewe. Nisamehe." Kisha akaukata Mnong'ono, akaipeleka sauti tupu ya jukwaani kwenye kila kisikizi.

Na uwanja mzima wa Itekela ukamsikia Bi Ambwene Kasyupa akisema kwa hisia kali, ngumi hewani: "...kimeta, chambavu, ndigana kali, ndigana baridi, homa ya mapafu, ugonjwa wa miguu na midomo..."

Jamani! Maana yeye alikuwa akichezesha mdomo tu, na kwa kuwa mdomo hauchezi bila maneno, alikuwa ametaja magonjwa ya ng'ombe kwenye mikutano yote tangu kampeni ianze. Alishtuka kujisikia. Aliishia katikati ya "kutupa mimba" akabaki mdomo wazi.

"Umefanya nini?" Lwitiko alifoka, akaurukia mtambo. Sekela alikuwa amekwisha kuuchomoa ufunguo wake na kuutia kifuani. "Dada Sekela, umetuua! Umewaua hao Wapwani wako kwa mkono wako!"

"Huenda," Sekela alisema. "Ondoka mbele yangu nione."

Uwanjani watu walikuwa wakitazamana. Ndipo mtu mmoja alipoinuka safu ya kwanza. Mama Sekela hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa ameendesha misiba ya watu elfu kwa koo lake.

"Bi Ambwene! Umetuita hapa kutusomea magonjwa ya ng'ombe?"

Bi Ambwene alilitazama hema, kisha akawatazama watu. Sekela aliona kabisa mahali Bi Ambwene alipoweza kudanganya. Angesema mtambo umeingiliwa, angesema ni hila za Meja. Alivuta pumzi.

"Shikamoo, Mama Sekela. Ni kweli, nilikuwa nataja magonjwa ya ng'ombe. Mliyokuwa mnayasikia si mimi niliyeyasema. Ni mtambo. Wewe ulikuwa unasikia nini?"

"Ulikuwa unaniomba radhi kwa kuwa mkwe wangu alizikwa bila mimi."

"Mimi nilikuwa nasikia bei ya viazi!" mtu alipaza sauti huko nyuma.

"Mimi barabara ya kwetu!"

"Mimi," alisema mzee mmoja, amekivua kisikizi chake anakitazama, "mimi niliambiwa Wapwani wataondolewa polepole, bila kelele, baada ya uchaguzi."

Sekela hakuwahi kuuandikia Mnong'ono neno hilo. Alimgeukia Lwitiko, na Lwitiko naye alikuwa ameduwaa. Mtambo ulimtafutia mzee huyo dawa ya kumtuliza, ukaipata wenyewe.

Watu walianza kupiga kelele. Wapwani waliokuwa wamesimama ukingoni mwa uwanja walisogeleana. Wengine walivitupa visikizi matopeni, wengine wakaanza kuondoka.

"Hawataondolewa!" Bi Ambwene alipiga kelele, sauti yake mwenyewe ikipasuka, isiyozoea kazi hiyo. "Nalisema kwa mdomo wangu! Polepole wala haraka, hawaondoki! Mnaotaka waondoke, msinipe kura!"

Hapo walizomea. Sehemu kubwa ya uwanja iligeuka na kushika njia, na Lwitiko akakaa chini kwenye matope ya hema, kichwa mikononi. Sekela alitoka nje. Hemedi alikuwa amekwisha kupenya katikati ya watu mpaka mbele, akasimama mkabala na mama mkwe wake, mvua ikimtiririka usoni.

"Shikamoo, mama."

Mama Sekela hakuitika.

"Kwetu maiti hangoji," Hemedi alisema. "Kumharakisha ndiyo kumheshimu. Hilo sikuombi radhi. Lakini tulipaswa kukupigia simu alfajiri ile ile, kabla hata hajaoshwa, ufike umwone. Hatukukupigia. Hilo ni kosa letu, si la mtambo, na nimekuja kulisema mwenyewe."

"Hamkunipigia," mama alisema.

"Hatukukupigia."

"Nilikata mikungu mizima. Nikarudi nayo watu wananitazama barabarani." Sauti ilimkatika, na alikasirika kwa sababu imemkatika. "Marahaba. Na usidhani yameisha. Kura yangu ni ya Meja, na nataka Wapwani wakae wanapoambiwa wakae. Wewe na huyo mke wako mlie msilie."

"Nimesikia, mama."

Sekela alikuwa amefika. Alitaka kusema neno, mama akamnyamazisha kwa kidole bila hata kumgeukia. Bi Ambwene alikuwa ameanza kueleza kitu pale juu, kuhusu bonde na maji na wanaotaka kubaki, lakini bila visikizi sauti yake ilifika safu mbili tatu tu, na kelele za wanaoondoka zikaimeza. Watu wa katikati walisimama njia panda, mguu mmoja hapa, mguu mmoja nyumbani.

Mama Sekela aliutazama uwanja ule, wanaozomea, wanaosukumana, wanaoongea mtu akiwa anaongea. Sekela aliuona mdomo wa mama yake ukibana na shingo ikikaza, ile kiu ya fimbo ikiamka mbele ya macho yake, na safari hii hakuna aliyeinong'oneza.

"Ninyi!" mama alinguruma. "Mmelelewa wapi? Mtu mzima anaongea na ninyi mnatembea! Wewe mwenye koti jekundu, rudi hapa! Wanaume wasimame nyuma, wenye miguu mibovu waje mbele kwenye mikeka. Hao Wapwani mbona wamejibanza huko? Sogeeni hapa mbele, ninyi ndio mnaozungumziwa! Fungeni miavuli, mnawaziba wenzenu. Kimya!"

Wakarudi. Si wote, na pengine si wa kutosha, lakini walirudi wengi, wakakaa pale alipowaonyesha, wenyeji na Wapwani goti kwa goti, kwa kuwa hapakuwa na mtu Itekela aliyewahi kumkatalia mama huyo mahali pa kukaa. Uwanja ulitulia mpaka mvua ikasikika juu ya bati la kiwanda. Mama alijipangusa uso kwa kitambaa cha Meja, akajifunga tena vizuri kiunoni, akainua kidevu kuelekea jukwaani.

"Haya, Bi Ambwene. Sema kwa nguvu, wa nyuma hawakusikii. Na ukimaliza, mimi bado nampa Meja."